Kuchuchumaa na Kuinuka: Nini Hutokea Kwenye Misuli na Viungo Vyako?

Siku moja nikiwa kwenye ziara za nyumbani nilimkuta bibi mmoja wa miaka 67 amekaa barazani, midomo imemkauka. Nilimwamkia, akaitikia, tukaongea habari za nyumbani. Nilikuwa nimekwenda kumpima presha, nayo ilikuwa juu. Nilipomuuliza kama anakunywa maji na kumeza dawa zake kila siku, alitazama chini kwanza. Kisha akaniambia taratibu: "Mwanangu, ile dawa inanikojosha. Nikinywa na maji ndiyo kabisa. Nikienda chooni, siinuki."

Choo chake ni cha shimo. Kuchuchumaa aliweza, kuinuka ndiko kulikomshinda. Mara mbili alikuwa amemwita mjukuu wake wa kiume aje amvute mkono, na aibu ile ilimtosha. Akaamua kunywa maji kidogo na kumeza dawa siku moja moja.

Tatizo lake nilikuwa nimeliandika kwenye daftari kama presha. Lakini chanzo kilikuwa kwenye mapaja na makalio yake. Tangu siku hiyo, kila ninapomtembelea mtu mzima huwa namwomba ainuke kwenye kiti huku nikimtazama.

Makala hii inaeleza kinachotokea mwilini unapochuchumaa na kuinuka, kwa nini uwezo huo hupungua, na namna ya kuurudisha kidogo kidogo.

Zoezi tunalolifanya bila kuliita zoezi

Vijana wanaokwenda gym huliita skwati. Wengi wetu tunalifanya kila siku bila jina: kuwasha jiko la mkaa, kufua kwenye beseni, kupalilia, kuokota mtoto sakafuni, kwenda chooni. Hata kukaa kwenye kiti na kuinuka ni kuchuchumaa nusu njia. Mwili haujali kama umeshika chuma cha mazoezi au ndoo ya maji. Viungo ni vilevile na misuli ni ileile.

Viungo vitatu hukunjika kwa pamoja

Unaposhuka, viungo vitatu vya kila mguu hukunjika kwa wakati mmoja.

*Nyonga.* Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho kimekaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Kwa sababu ya umbo hilo, nyonga huweza kuzunguka pande zote. Ndiyo maana unaweza kuchuchumaa huku umetanua magoti.

*Goti.* Hapa mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi. Goti hukunjika na kunyooka kama bawaba ya mlango, ingawa ndani yake mifupa huviringika na kuteleza kidogo. Katikati kuna kano mbili imara zilizopishana kama msalaba, zinazozuia mfupa mmoja usiteleze sana juu ya mwingine. Kuna pia vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyotandaza uzito ili usikae sehemu moja. Mbele yake kuna pia ya goti, kile kifupa kinachosogea ukikigusa mguu ukiwa umenyooka na umelegea.

*Kifundo cha mguu.* Hiki husahaulika, lakini kikikataa kukunjika, zoezi zima huharibika. Lazima muundi uiname mbele ili magoti yaende mbele. Usipoinama vya kutosha, kisigino hunyanyuka au unaanguka chali.

Ncha za mifupa inayokutana zimefunikwa na gegedu laini na linaloteleza. Gegedu hili halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye majimaji mazito yaliyo ndani ya kiungo. Ukikandamiza kiungo kwa uzito, majimaji husukumwa nje ya gegedu. Ukiachia, huingia tena, kama sifongo ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo kiungo kinachotumika kwa kiasi hulishwa, na kiungo kinachokaa tu hukaa na njaa.

Misuli inayofanya kazi

*Misuli ya mbele ya paja.* Ipo minne katika kila paja, na yote huungana kwenye kano moja inayopita juu ya pia ya goti na kushika sehemu ya juu ya muundi. Kazi yake ni kunyoosha goti. Pia ya goti husogeza kano hii mbali kidogo na kiungo, hivyo msuli hupata nguvu zaidi ya kuvuta, kama vile unavyofungua mlango kwa urahisi ukisukuma mbali na bawaba.

*Misuli ya makalio.* Msuli mkubwa wa makalio ndio mkubwa kuliko yote mwilini. Kazi yake ni kunyoosha nyonga, yaani kukutoa kwenye hali ya kukunjika na kukusimamisha. Misuli midogo ya pembeni mwa makalio huzuia magoti yasiangukiane ndani.

*Misuli ya nyuma ya paja.* Hii hupita kwenye nyonga na kwenye goti pia. Husaidia kunyoosha nyonga na kulituliza goti kwa nyuma.

*Vigimbi.* Hushikilia muundi usiiname mbele kupita kiasi, kupitia ile kano nene iliyo nyuma ya kisigino.

*Misuli ya tumbo na mgongo.* Hii huushika uti wa mgongo uwe kama nguzo, ili nguvu inayotoka miguuni ifike juu bila mgongo kujipinda.

Unaposhuka: misuli hufanya kazi ya breki

Watu wengi hudhani kushuka hakuhitaji nguvu kwa kuwa uzito wenyewe unavuta chini. Lakini usingekuwa na misuli, ungeanguka kama gunia. Misuli ya mbele ya paja na ya makalio hurefuka taratibu huku ikivuta, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani na kuiachia kamba kidogo kidogo. Kazi hii ya breki ndiyo hasa inayoacha misuli ikiuma kesho yake na keshokutwa kwa mtu asiyezoea. Ndiyo maana pia mtu mwenye mapaja dhaifu hujitupa kwenye kiti badala ya kukaa. Ukimwona mzazi wako anajitupa kila anapokaa, breki zake zimechoka.

Wakati huohuo mwili unatafuta mizani. Uzito wako wote lazima uangukie katikati ya nyayo. Magoti yanaenda mbele, makalio yanaenda nyuma, na kifua kinainama kidogo ili kusawazisha.

Jaribu kushika ndoo ya maji karibu na tumbo, kisha uishike mkono ukiwa umenyooka mbele. Ndoo ni ileile, lakini ya pili inachosha haraka kwa sababu iko mbali na bega. Viungo vyako navyo huhesabu hivyohivyo. Goti likienda mbele sana, liko mbali na mstari wa uzito, kwa hiyo misuli ya mbele ya paja hubeba zaidi. Ukiinamisha kifua na kupeleka makalio nyuma, mzigo huhamia kwenye nyonga na mgongo. Mzigo wenyewe haupotei, unahama tu. Ukilielewa hili, utaweza kujirekebisha mwenyewe mahali panapouma.

Ukiwa chini kabisa

Ukishuka mpaka mwisho, nyuma ya paja hukaa juu ya kigimbi. Sehemu ya uzito hubebwa na nyama hizo kugusana, na misuli inapumzika kiasi. Ndiyo maana mtu aliyezoea anaweza kuchuchumaa na kupiga soga muda mrefu bila kutetemeka.

Lakini kukaa hivyo kwa saa nyingi kuna gharama. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, mshipa mmoja wa fahamu hupita karibu sana na ngozi. Ukichuchumaa muda mrefu, kwa mfano kwenye palizi, unaweza kubanwa. Mguu unaanza kufa ganzi, na ukiendelea, unaweza kushindwa kunyanyua unyayo ukitembea. Ganzi ikianza, simama na utembee.

Unapoinuka: sehemu ngumu

Sasa misuli ileile iliyorefuka inapaswa kujifupisha na kukunyanyua. Makalio hunyoosha nyonga, mapaja hunyoosha goti, vigimbi hurudisha muundi wima. Lazima vyote viende pamoja. Makalio yakinyanyuka kwanza na kifua kikabaki chini, mgongo ndio unaomalizia kazi.

Pagumu zaidi ni pale paja linapokuwa karibu usawa na ardhi, kama unavyokaa kwenye kiti. Hapo goti na nyonga viko mbali zaidi na mstari wa uzito. Bibi yetu alikwama hapohapo. Alikuwa akiinuka kidogo kutoka chini, anafika hapo, miguu inatetemeka, anarudi.

Mambo yanayosemwa mtaani

*"Goti lisipite vidole vya mguu."* Kwa goti zima, kupita vidole si kosa. Ukichuchumaa chooni, magoti hupita vidole na hayawezi kufanya vinginevyo. Ukilizuia kwa nguvu, mzigo unahamia mgongoni. Ila kama una maumivu mbele ya goti, kupeleka makalio nyuma zaidi kunaweza kukupunguzia.

*"Goti likilia, limeisha."* Mlio bila maumivu wala uvimbe kwa kawaida si ugonjwa. Mara nyingi ni viputo vya hewa ndani ya majimaji ya kiungo, au kano inayoteleza juu ya mfupa.

*"Kuchuchumaa huharibu magoti."* Kuchuchumaa kwa kiasi hakumdhuru mtu mwenye magoti mazima. Hatari huongezeka kwa wale ambao kazi zao huwaweka wakichuchumaa au kupiga magoti kwa saa nyingi kila siku, hasa wakiwa wanabeba mizigo mizito. Kama kazi yako ni ya namna hiyo, tumia kigoda na badilisha mkao mara kwa mara.

*"Goti likiuma, mtu apumzike tu."* Siku chache baada ya kuumia, ndiyo. Lakini kwa maumivu ya muda mrefu ya magoti kusagika, kukaa bila kutembea hudhoofisha mapaja, na mapaja yakidhoofika goti hubeba mzigo peke yake. Mazoezi ni sehemu ya tiba.

Kwa nini uwezo huu hupungua?

Kuanzia miaka ya 30 misuli huanza kupungua polepole, na baada ya 60 kasi huongezeka. Kulazwa kitandani kwa siku chache tu hupunguza nguvu kwa haraka kwa mtu mzima. Ulaji wa wanga mtupu bila maharage, dagaa, mayai au maziwa nao haumpi mtu cha kujengea msuli.

Kisha kuna mzunguko mbaya. Goti linauma, mtu anaacha kuchuchumaa, paja linadhoofika, goti linauma zaidi. Katikati ya mzunguko huu wengi hununua diklofenaki dukani na kumeza kila siku kwa miezi. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kudhuru figo. Mapaja nayo hubaki dhaifu vilevile.

Habari njema ni kwamba msuli hujengeka katika umri wowote. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya mizani na nguvu siku 3 au zaidi ili kuzuia kuanguka.

Jipime nyumbani

Chukua kiti imara cha kawaida, kiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani. Inuka na ukae mara 5 haraka uwezavyo huku mtu akihesabu kwa saa ya simu. Ikichukua zaidi ya sekunde 15, au ukishindwa kabisa bila kutumia mikono, nguvu ya miguu yako imepungua. Mzee asijipime peke yake. Mtu asimame karibu naye.

Namna ya kuanza

Anza na hatua unayoiweza. Usiende hatua inayofuata mpaka ile ya sasa iwe rahisi.

1. *Kitandani au kwenye kiti kirefu.* Weka mito ili mahali pa kukalia pawe juu. Inuka ukisaidiwa na mikono, kaa taratibu ukihesabu mpaka 3.
2. *Kwenye kiti cha kawaida bila mikono.* Weka miguu usawa wa mabega, vidole vimeelekea nje kidogo. Peleka pua mbele ya magoti kisha sukuma ardhi kwa unyayo wote.
3. *Gusa kiti na uinuke.* Shuka mpaka makalio yaguse tu, usikae.
4. *Kwenye kigoda au stuli fupi.* Shika mlango au nguzo imara iwapo unahitaji.
5. *Kuchuchumaa bila kiti.* Shika nguzo na ushuke mpaka pale unapoweza kuinuka mwenyewe.

Fanya mara 5 hadi 10, pumzika, rudia mara moja au mbili. Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha kuanzia. Acha siku moja katikati ili msuli ujijenge.

Ukiwa unafanya, angalia mambo manne. Kisigino kibaki chini. Goti lielekee upande wa vidole, lisiingie ndani. Mgongo usijipinde. Na usizuie pumzi: vuta pumzi ukishuka, toa ukiinuka. Kubana pumzi na kukaza hupandisha presha ghafla, jambo ambalo ni baya zaidi kwa mtu ambaye presha yake tayari iko juu.

Maumivu ya msuli wa paja yanayotokea kesho yake na kuisha ndani ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si ya kawaida. Rudi hatua ya nyuma.

Usifanye kwanza, nenda kituo cha afya kama:

- goti limevimba, ni la moto au jekundu, hasa kama una homa
- goti linakwama na halinyooki, au linakuachia ghafla
- umeanguka na huwezi kukanyaga
- kigimbi kimoja kimevimba na kinauma bila sababu
- unapata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi ukijitahidi kidogo
- umefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti, au presha yako haijadhibitiwa

Mama mjamzito anaweza kufanya zoezi hili kwa kushika kitu imara, mradi mhudumu wa kliniki amemwambia ujauzito wake hauna tatizo.

Bibi anaendeleaje?

Hatukuanza na mazoezi. Kwanza mjukuu alifunga mti imara ukutani mle chooni ili bibi awe na cha kushika. Fundi seremala akatengeneza kigoda chenye tundu cha kuweka juu ya shimo. Vitu hivyo viwili vilimrudishia heshima yake ndani ya wiki moja, naye akarudi kunywa maji na kumeza dawa kila siku. Zahanati walimpangia aimeze asubuhi, ili usiku asiamke mara kwa mara.

Kisha tukaanza na kitanda na mito miwili. Mara 5 asubuhi, mara 5 jioni, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baada ya miezi miwili hivi aliweza kuinuka kwenye kiti bila mikono. Kuchuchumaa hadi chini bado anashika mti, na pengine atashika siku zote. Hilo si tatizo.

Leo jioni, mtazame mzazi wako anavyoinuka kwenye kiti. Akitumia mikono miwili na kuvuta pumzi kabla ya kujaribu, usisubiri aanguke ndipo uulize. Muulize taratibu, faraghani, kama chooni anaweza kuinuka mwenyewe. Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.